Mwaka Kogwa: nyumba ya bibi ina kufuli tangu 2021, naanzia wapi?

Mjukuu wa Kajengwa

Asalaam alaykum. Mie kwetu Makunduchi, kusini mwa Unguja, mtaa wa Kajengwa, ila naishi mjini na watoto.

Bibi yangu alikuwa na neno lake: mwaka usikukute peke yako. Mnajua kwetu nyumba isiyopata mgeni Siku ya Mwaka, ndiyo Mwaka Kogwa, mwaka mpya wetu wa jadi, ni mkosi, na bibi alilishika hilo kuliko sisi sote. Pakikosekana mgeni alikuwa akitoka barabarani kumkamata. Mwaka mmoja alimleta utingo wa gari ya mjini, kijana wa watu hata jina hatukumuuliza, akala ubwabwa kwa pweza mpaka akalala barazani.

Machi 2020 skuli zikafungwa, watalii wakakatika, na mume wangu aliyekuwa hotelini akarudi nyumbani. Julai ikafika tukaona tusimpelekee bibi maradhi. Nikampigia simu ile siku. Akaniambia kapika kama kawaida na mgeni wake ni paka. Mie nikacheka, yeye hakucheka.

Mwaka wa pili hakuufikia. Tulimzika, hitma ikasomwa na watu wachache haraka haraka, jioni ileile tukapanda gari. Majirani waliokuja usiku kutupa pole walikuta mlango umefungwa. Hilo ndilo linalonisuta, si la paka.

Tangu hapo kila Julai tunasema mwakani. Sasa mwanangu ana miaka 11, rafiki yake wa skuli kamuonyesha kwenye simu watu wanapigana kwa migomba Kae Kuu, uwanja wetu wa Mwaka. Kaniuliza, "Mama, hivi sisi si wa huko?"

Nauliza: nifungue nyumba na kupika, au mwaka wa kwanza niende nikawe mgeni kwa mtu? Na wanawake bado wanaimba zile nyimbo za kuwasema wanaume? Mie nilikuwa nazijua zote, sasa nimebakiwa na mbili, na hizo mbili siwezi kuziandika hapa. La mwisho, mtoto ana pumu. Nahofia moshi wa kile kibanda kinachochomwa siku hiyo.

Kae Kuu Hapahapa

Waalaykum salaam dada. Pika. Ugeni kwenye kijiji chako ndio utakaokuaibisha zaidi.

Ila usije asubuhi ya siku yenyewe na masufuria kwenye gari. Njoo siku mbili tatu kabla. Nyumba iliyofungwa miaka yote hiyo utakuta popo darini na mchwa kwenye milango. Kabla hujaigusa, nenda kwa mwenye ufunguo. Chukua sukari na doti ya kanga, ukae, umuulize hali ya miguu yake, ndipo useme: tulikosa siku ile. Usimweleze habari za corona, yeye pia aliiona.

Moshi usikutishe. Kibanda ni makuti makavu, kinateketea upesi, na yule mtu anayeingia ndani akishachomoka hakuna tena la kutazama. Julai unavuma kusi, kwa hiyo msimamishe mtoto upande wa kusini, moshi wote utawaendea wenzetu wa kaskazini. Haki yao! Na dawa yake ya kuvuta iwe mkobani mwako, isibaki nyumbani.

Nyimbo wapo wa kukukumbusha. Utajuta kuuliza.

Msomaji wa Ng'ambo

Samahanini, lakini mambo haya ya kuchoma vibanda na kuhesabu miongo, yaani makumi ya siku, ya Washirazi yana faida gani kwa Muislamu? Mungu alitupa nafasi ya kuyaacha wakati wa corona, mnayarudia ya nini? Dada, msomee bibi yako hitma nyingine. Hilo litamfika.

Mpemba Mvivu

Sheikh, la hitma umesema kweli. Dada asilipuuze. Lakini kusema kilichosimama ndicho kilichokatazwa, hapo sikufuati. Hata Hija 2020 walihiji waliokuwa ndani ya Saudia tu. Tuseme nini?

Huku kwetu Pemba tuliuacha mchezo wa ng'ombe kijijini kwa muda. Tuliporudi, vijana hawajui kushika kamba, mpiga zumari pumzi hana, na ng'ombe mwenyewe kasimama katikati ya uwanja anakula majani. Watu walicheka mpaka magharibi. Mwaka uliofuata alimkimbiza mjomba wangu hadi juu ya mwembe, tukajua mambo yamerudi.

Kwa hiyo dada, mwaka huu ubwabwa ukiungua usivunjike moyo. Na kama unatafuta mgeni, nauli ya boti ni juu yako.

Mjukuu wa Kajengwa

Ahsanteni. Sheikh, hitma tutaisoma Alhamisi kabla ya Mwaka, palepale barazani, na safari hii hatuondoki usiku. La Washirazi tuachie wenyewe.

Mpemba, nauli sina, pweza yupo.

Kaka wa Kae Kuu, doti nimenunua jana Darajani, nimehangaika nusu saa kuchagua maneno yake. Zile za mafumbo nimeziacha, asije akadhani namsema. Usiku nikampigia mwenye ufunguo. Nilijitayarisha kwa maneno mengi, yeye kanikatiza: "Kufuli limeingia kutu. Njoo na mafuta ya taa. Na huyo mtoto anakula pweza?"

Nimemwambia anakula.