Mjadala: Kiongozi anaweza kuamini anachosema na bado akawa amedanganya?

Wakuu, kila unapotajwa uvamizi wa Iraq wa mwaka 2003, mabishano huishia pale pale. Wengine husema Tony Blair, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, na George W. Bush, aliyekuwa Rais wa Marekani, walidanganya. Wengine hujibu kuwa walikosea tu: waliamini kwa dhati kwamba Saddam Hussein, mtawala wa Iraq, ana silaha za maangamizi, na aliyeamini hawezi kuitwa mwongo. Mimi nakubali kwamba Blair aliamini. Bado nasema hakuwa mkweli, na naomba mnivumilie nieleze.

Septemba 2002 serikali ya Uingereza ilitoa waraka kuhusu silaha za Iraq. Katika utangulizi wake Blair alisema taarifa za kijasusi zimethibitisha, pasipo shaka, kwamba Saddam anaendelea kutengeneza silaha za kemikali na za kibiolojia. Pasipo shaka! Miezi sita tu kabla ya hapo, kamati ya ujasusi ya serikali yake mwenyewe ilikuwa imeandika kwamba taarifa hizo ni za hapa na pale, zimejaa mapengo. Shaka ilikuwepo, tena kwa maandishi. Ilichujwa njiani kabla ya kumfikia mwananchi.

Waraka huo huo ulisema Iraq inaweza kutumia silaha hizo ndani ya dakika 45. Kumbe zilizokusudiwa ni silaha za masafa mafupi, za uwanja wa vita. Magazeti yakaandika kana kwamba kambi za Uingereza kule Cyprus zingepigwa. Waziri wa Ulinzi, Geoff Hoon, alikiri baadaye kwamba yeye aliijua tofauti hiyo, na magazeti hayakusahihishwa. Hapa ndipo roho inaponiuma zaidi. Hukuti sentensi ya uongo aliyoitamka waziri. Unakuta kosa lililoachwa lisambae kwa sababu lilikuwa na faida.

Fikirieni daktari aliyeshawishika kwamba mguu wako una saratani. Anakwambia vipimo vimethibitisha, unatia saini, unakatwa. Baadaye unagundua maabara ilimwandikia kuwa haina hakika. Aliamini? Ndiyo. Alikwambia ukweli? Hapana. Ile shaka ilikuwa yako kuipima, maana mguu ni wako. Na vitani wanaokatwa ni watoto wa watu wengine kabisa, Waingereza na Wairaki, ambao hawakutia saini popote.

Vita ya Marekani kule Vietnam nayo ilipanuka hivyo. Agosti 1964 nahodha aliyeongoza meli za Marekani katika Ghuba ya Tonkin alituma ujumbe akieleza shaka kama kweli zilishambuliwa na Vietnam Kaskazini tarehe 4. Siku tatu baadaye Baraza la Wawakilishi lilimpa Rais Johnson ruhusa ya kutumia nguvu kwa kura 416 bila hata moja ya kupinga. Seneti ilikuwa 88 kwa 2.

Turudi kwa Blair. Tarehe 28 Julai 2002 alimwandikia Bush kwamba atakuwa pamoja naye, lolote liwalo. Watetezi wake husema barua hiyo iliweka pia masharti, ikiwemo kupitia Umoja wa Mataifa. Ni kweli, na lazima tuliseme. Lakini wabunge walipopiga kura ya kuidhinisha vita tarehe 18 Machi 2003, 412 kwa 149, walikuwa wameaminishwa kwamba njia nyingine zimekwisha. Tume ya Chilcot, iliyochunguza jinsi Uingereza ilivyoingia vitani Iraq, ilisema mwaka 2016 kwamba hazikuwa zimekwisha.

Najua hoja inayofuata: Saddam alikuwa katili, aliwaua Wakurdi wa Halabja kwa gesi mwaka 1988, kuondoka kwake ni heri. Ukatili wake sibishani nao. Ila tarehe 25 Februari 2003 Blair alisimama bungeni akasema Saddam bado angeweza kuunusuru utawala wake kwa kusalimisha silaha. Hiyo ndiyo sababu waliyopewa watu. Huwezi kuomba kura kwa sababu moja, ikishabomoka ukajitetea kwa nyingine.

Na msiniambie kwamba wakati ule hakuna aliyeweza kuona vingine. Robin Cook alikuwa ndani ya baraza la mawaziri la Blair mwenyewe, na alikuwa amewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Alijiuzulu tarehe 17 Machi, akawaeleza wabunge kwamba yaelekea Iraq haina silaha za maangamizi kwa maana inayoeleweka na wengi. Aliisema shaka yake hadharani, ikamgharimu uwaziri.

Basi mnaomtetea Blair, nijibuni hili moja. Kama maneno ya ile kamati ya ujasusi yangesomwa bungeni jinsi yalivyoandikwa, kura 412 zingepatikana? Na kama mnasema zingepatikana, kwa nini hayakusomwa?