Ujumbe wa bosi saa tatu usiku: ni kazi au si kazi?

Karani wa Magari (mleta mada)
Wakuu, juzi saa tatu na nusu usiku nimeshanawa, ugali mezani, simu ikalia. Grupu la kazini: "Nani ana risiti za mafuta za gari la Morogoro?" Nikakausha. Dakika mbili baadaye: "Naona mmesoma." Tiki za bluu zimenichoma. Mke wangu akafunika sahani bila kusema neno. Namaliza kupiga picha zile karatasi na kuzituma, mchuzi umeshaganda.

Niko kwenye kampuni ya usafirishaji hapa Dar. Kazi yenyewe haijanishinda. Kinachonimaliza ni kutojua inaisha saa ngapi. Saa nane usiku naamka kuchungulia simu chini ya mto, asubuhi napanda daladala kama mtu aliyekesha msibani.

Ukisema una msongo wa mawazo unaambiwa fanya mazoezi, kunywa maji, sali. Nasali. Na jioni nikishuka Mbagala Rangi Tatu siendi nyumbani moja kwa moja. Nakaa kwa muuza kahawa, vikombe vitatu na kashata, natazama wazee wakicheza drafti kwa vizibo vya soda. Nusu saa hiyo ndiyo dawa yangu, na simu nakuwa nimeilaza kifudifudi.

Sasa nimeisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, 9 kwa siku, na ukitoka kazini upumzike saa 12 mfululizo kabla ya kuanza tena. Kama kujibu grupu ni kazi, basi juzi mapumziko yangu yalitakiwa kuisha saa tatu na nusu asubuhi, na mimi saa moja na nusu nilikuwa mezani kwangu kazini. Naomba sheria itamke wazi: ujumbe unaodai jibu ni kazi, na ulipwe kama saa za ziada, mara moja na nusu. Swali likiwa na bei litasubiri kupambazuke. Mnasemaje?

Mama Jumla
Kaka, pole, ila mimi ndio hao mabosi. Nina vijana wanne Kariakoo. Mteja wa Songea anapiga saa nne usiku, haoni mzigo wake, na basi linaondoka alfajiri. Aliyeufunga ndiye anayejua kaukabidhi kwa nani. Kumuuliza neno moja ndiyo unyanyasaji? Na usidhani mimi nalala, marejesho ya benki hayana Jumapili.

Karani wa Magari
Dada, muulize. Ila mlipe.

Mama Jumla
Neno moja ni shilingi ngapi? Nipigie hesabu basi, wewe si karani.

Kijiwe cha Chini ya Mwembe
Nyie wa maofisini mnanichekesha. Mimi wa bodaboda nalala na hesabu ya tajiri mwenye pikipiki kichwani: elfu kumi kila siku, inyeshe isinyeshe. Grupu sina, mkataba sina, na hizo saa 45 nazimaliza siku ya tatu. Simu ikilia saa tatu usiku nashukuru Mungu, huyo ni abiria. Kijiweni dawa yetu ni kutaniana, na utani ukiisha kuna wanaokimbilia chupa. Viroba, vile vipakiti vya pombe kali, vilipigwa marufuku 2017, mawazo yakabaki palepale. Mwezi uliopita mwenzetu kasinzia juu ya pikipiki kwenye mataa, taa ikawaka kijani, honi zinapigwa, yeye kainamisha kichwa kwenye usukani. Tulidhani kafa.

Jirani wa Ruiru
Huku Kenya jambo hili lilifika Seneti. Mswada wa Seneta Samson Cherargei wa 2022 ulitaka mfanyakazi awe na haki ya kutojibu baada ya saa za kazi, na akijibu alipwe. Waajiri waliupinga. Mimi nilishangilia, halafu nikajiuliza: nani atamshtaki mwajiri wake kwa ajili ya meseji moja, na nje kuna watu mia wanaitaka nafasi yake? Ufaransa wana haki kama hiyo tangu Januari 2017, lakini kule kampuni yenye watu 50 na zaidi hutakiwa kukaa na wafanyakazi na kujadiliana utaratibu. Hilo naliona linawezekana zaidi kuliko kulipana kwa kila ujumbe.

Zamu ya Usiku
Mimi ni nesi. Kuitwa usiku sisi tumezoea, na hakujawahi kunitia wazimu, kwa sababu jina langu liko kwenye ratiba ukutani. Wiki yangu nalala na simu sikioni. Wiki isiyo yangu naizima na nalala kama mtoto. Karani hachoshwi na swali la mafuta, anachoshwa na kuwa zamu kila usiku wa maisha yake. Mama Jumla, una vijana wanne na mwezi una wiki nne. Unangoja nini?

Mama Jumla
Hapo umenipata. Wa zamu nitamwongezea nauli. Ila sheria bado siitaki, ikija itakuja na faini na watu wa kuikagua mlangoni kwangu.

Karani wa Magari
Mimi bado naitaka. Bosi wangu ukimtajia zamu atauliza ni ya walinzi.

Kijiwe cha Chini ya Mwembe
Nesi, na mimi nipangie. Siku ya mvua hesabu ishuke iwe elfu tano. Nani wa kwenda kumwambia tajiri?