Mrejesho: seva ya Mbale inayozimika umeme ukiwepo

Wakuu, niliuliza kwa nini seva ya ofisi yetu Mbale inazimika ghafla usiku ilhali umeme haujakatika. Asanteni, mliosema tatizo ni UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia seva umeme ukikatika) mlipatia. Yetu hujipima kila siku 14: huhamishia mzigo kwenye betri kwa sekunde chache, na betri ikiwa imechoka, seva inazimika papo hapo.

Ndani kuna betri mbili za volti 12, Ah 9 (ampea-saa, yaani ujazo wake), zimeungwa mfululizo. Bila mzigo zote zilisoma 12.7, kwa hiyo kipimo hicho peke yake kinadanganya. Zilipobeba mzigo, moja ilianguka hadi 8.9, chini ya 10.5 haifai tena. Badilisheni zote mbili kwa pamoja, kwani kuukuu huiharibu mpya. Na zisiishie jalalani, zina madini ya risasi na asidi.

Joto nalo huziua: kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata maisha yake karibu nusu. UPS imehamishwa kutoka dirishani.

Suala la jenereta lilikuwa jingine. Masafa ya umeme wake hayakuwa sawa, UPS ikaukataa na kubaki kwenye betri hadi ikaisha. Fundi amerekebisha gavana (kidhibiti cha mwendo wa injini) ili masafa yakae karibu na hezi 50, nami nimepunguza usikivu wa UPS kwa mabadiliko ya umeme. Printa ya leza, ambayo huvuta umeme mwingi, imeondolewa kwenye UPS.

Kebo ya USB imeunganishwa kati ya UPS na seva, na programu ya NUT (inayosoma hali ya UPS) huizima seva kwa utaratibu betri ikikaribia kuisha. Onyo la betri nimeliweka dakika 5 kabla haijaisha, maana 2 hazitoshi hifadhidata kujifunga.