Naombeni ushauri: gombo langu la Kijapani limeanza kuota madoa

Habari zenu wakuu. Nilipokuwa masomoni Kyoto nilinunua gombo la karatasi kwenye gulio la hekalu la Tō-ji, lile la kila tarehe 21. Ni mchoro wa ndege na maua kwa wino mweusi wa masizi tu: shomoro kwenye mianzi, kisha yungiyungi, mwishoni korongo ambaye mgongo wake ni karatasi tupu, haukuguswa na brashi. Hapo ndipo uhodari ulipo, jamani.

Hulikunjui lote kwa mara moja. Unaanzia kulia, kipande cha upana wa mabega, huku unakunja ulichokwisha kuona.

Sasa nipo Tanga, na unyevu huu! Kwenye yungiyungi yametoka madoa ya kahawia, na karatasi ya nyuma imebanduka mahali kama kidole. Fundi fremu mmoja anataka alikate vipande vitatu avibandike kwa gundi ya mbao. Moyo unakataa, Wajapani hutumia gundi ya wanga wa ngano, inayolainika kwa maji ili karatasi ibanduliwe tena.

Je, kwa sasa nilihifadhi vipi? Sanduku la mbao linatosha, au niongeze vile vipakiti vya kunyonya unyevu? Na kuna anayemjua fundi wa karatasi za kale, hata Zanzibar au Nairobi?