Mwanzilishi akisema atanunua kampuni kwa dola 24 hadi 26, kwa nini hisa inakwama kwenye 20? (Best Buy, 2012)

Mdau_wa_Hisa:
Wakuu, naomba mnisaidie kukielewa kisa hiki. Tarehe 6 Agosti 2012 Richard Schulze, aliyeianzisha Best Buy (kampuni ya Marekani ya maduka ya vifaa vya elektroniki) mwaka 1966 na aliyekuwa bado na takriban asilimia 20 ya hisa, aliiandikia bodi kwamba yuko tayari kununua hisa zote zilizobaki kwa dola 24 hadi 26 kila moja. Ijumaa iliyotangulia hisa ilikuwa imefunga kwa 17.64. Siku ya barua ilipanda, lakini ikaishia karibu na 20.

Kwa nini haikukimbilia 24? Na mwenye hisa za kampuni ya maduka akipata habari kama hii, anaipimaje kabla ya kuamua kuuza au kusubiri?

HesabuKwanza:
Anza na barua yenyewe. Haikuwa ofa inayomfunga mtu. Schulze alisema anakusudia kununua, na benki ya Credit Suisse ikasema ina imani kubwa kwamba mkopo utapatikana. Imani ya benki si fedha iliyosainiwa, kwa hiyo soko lilikata bei kulingana na uwezekano wa dili kukamilika.

Uwezekano huo unaupata hivi: chukua bei ya sasa, toa bei ambayo hisa itarudia dili likifa. Kisha chukua bei ya ofa, toa bei hiyohiyo ya kurudia. Gawanya jibu la kwanza kwa la pili. Kwa Best Buy, tukiweka 25 kama katikati ya ofa na 17.64 kama bei ya kurudia, ni 2.36 kugawanya kwa 7.36, yaani asilimia 32 hivi. Soko lilikuwa linasema nafasi ni moja kati ya tatu.

RejarejaTu:
Fomula ni sahihi, mkuu, ila hiyo 17.64 ndiyo inayowaponza watu. Bei ya kurudia haiwi bei ya jana wakati biashara yenyewe inazidi kudhoofika. Tarehe 21 Agosti Best Buy ilitangaza faida ya robo mwaka ya dola milioni 12 tu na ikasitisha makadirio yake ya mwaka. Kufikia Desemba hisa ilikuwa karibu na 12. Rudia hesabu ukiweka 12 kama chini: aliyenunua kwa 20 alikuwa anafukuzia dola 5 huku ameweka dola 8 hatarini. Mizani hiyo inafaa tu kama unaamini dili lina nafasi inayozidi asilimia 60.

La pili ni fedha, na hapa kampuni za maduka zina ugumu wake. Hisa za Best Buy zilikuwa kama milioni 340. Toa asilimia 20 za Schulze, zinabaki kama milioni 272. Kwa dola 25 hiyo ni takriban bilioni 6.8 za kutafutwa kwa wabia na kwa mkopo. Mkopo wa namna hii huangukia vitabu vya kampuni yenyewe, si mfuko wa mnunuzi. Na duka tayari lina deni jingine lisilopigiwa kelele, yaani pango la majengo la miaka mingi. Soma maelezo ya mikataba ya pango kwenye ripoti ya mwaka na uyajumlishe na mkopo mpya kabla ya kusema mzigo unabebeka.

Kisha wapo wasambazaji. Duka huchukua mzigo leo na kulipa baada ya wiki kadhaa, na muda huo ndio mtaji wake wa kuzungusha. Wasambazaji wakiona deni limepanda hufupisha muda au hudai malipo taslimu, na hufanya hivyo hasa kuelekea msimu wa Krismasi, wakati duka linahitaji mzigo kuliko wakati wowote. Toys "R" Us, maduka ya vitu vya kuchezea watoto, ilinunuliwa mwaka 2005 kwa bilioni 6.6, sehemu kubwa ikiwa mkopo, na Septemba 2017 ikaomba kinga ya kufilisika, ikiwa imebanwa kwa sehemu na hofu hiyohiyo ya wasambazaji. Wakopeshaji wanaijua hatari hii, na ndiyo maana huchelewa kusaini.

Kifungu_kwa_Kifungu:
Naongeza upande wa sheria. Best Buy imesajiliwa katika jimbo la Minnesota. Huko mwenye hisa nyingi akiungana na wabia bila idhini ya awali ya wakurugenzi wasio na maslahi, muungano wa kampuni unaweza kuzuiwa kwa miaka minne. Kwa hiyo Schulze alihitaji ruhusa ya bodi ileile aliyokuwa anavutana nayo. Waliafikiana 27 Agosti: afunguliwe vitabu, na apewe siku 60 kuleta ofa yenye fedha kamili. Tarehe 14 Desemba muda ukasogezwa hadi mwisho wa Februari 2013, na siku hiyo hisa ikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 10. Februari ikaisha bila ofa.

Uingereza mnunuzi akishatajwa hadharani huwa na siku 28 kutoa ofa au kujiondoa, isipokuwa kampuni iombe muda uongezwe. Marekani hakuna saa kama hiyo. Tarehe za mwisho ni zile zilizo kwenye mkataba kati ya mnunuzi na bodi, basi zitafute humo.

Nyaraka zote ziko EDGAR, hifadhi ya mtandaoni ya mamlaka ya masoko ya hisa ya Marekani (SEC), bure. Fomu 13D na marekebisho yake huonyesha anayemiliki zaidi ya asilimia 5, nia yake na barua zake. Fomu 8-K hubeba mikataba na bodi. Ukiona 13E-3, fomu ya kuiondoa kampuni kwenye soko la hisa, dili limeshafika mbali, na viambatisho vyake vina hesabu za mabenki kuhusu thamani ya kampuni. Visome hivyo kabla ya magazeti.

Mdau_wa_Hisa:
Asanteni sana. Je, Nordstrom, ile kampuni nyingine ya maduka ya Marekani, nayo si hivyohivyo? Familia ya waanzilishi ilikataliwa, halafu ikafanikiwa.

Kifungu_kwa_Kifungu:
Ndiyo, lakini angalia bei. Machi 2018 kamati maalumu ya bodi iliikataa ofa ya dola 50 kwa kuiona ndogo. Desemba 2024 familia, safari hii pamoja na kampuni ya maduka ya El Puerto de Liverpool ya Mexico, ilisaini kwa 24.25, na dili likafungwa Mei 2025. Safari ya pili mbia alikuwa na fedha na mkataba ulisainiwa. Kura ya wanahisa wasiohusiana na wanunuzi nayo iliwekwa kama sharti. Hayo matatu ndiyo ya kukagua.

RejarejaTu:
Na aliyeshika Best Buy baada ya ofa kufa? Novemba 2013 hisa ilipita 40, chini ya mkurugenzi mkuu mpya Hubert Joly. Kwa hiyo fanya tathmini mbili tofauti: moja ya dili, nyingine ya duka lenyewe. Kama usingeinunua hisa hiyo bila habari ya mwanzilishi, uza angalau sehemu siku bei inaporuka.