Mrejesho: Maelezo ya mwalimu kwenye slaidi za reveal.js

Wakuu, salaam. Niliomba msaada hapa: slaidi zangu za kozi ya takwimu nimezitengeneza kwa reveal.js (programu ya slaidi zinazofunguka kwenye kivinjari), na nilitaka maelezo ninayoyaona mimi tu huku wanafunzi wakiona slaidi peke yake. Juzi nimefundisha nazo.

Aliyesema niyaweke maelezo ndani ya tagi ya aside yenye klasi ya notes, Mungu akubariki, ndiyo hiyo hiyo. Ila nilipobonyeza S ili dirisha la maelezo lifunguke, kimya. Kumbe RevealNotes, programu-jalizi inayofungua dirisha hilo, sikuwa nimeiandika kwenye orodha ya plugins kule chini ya faili. Nikaiongeza, nikabonyeza tena, kivinjari kikazuia dirisha jipya. Nikaliruhusu, likafunguka: slaidi ya sasa, inayofuata, saa, na maneno yangu pembeni. Nilifurahi sana.

Darasani projekta ikaanza kuonyesha na maelezo yangu, kwa sababu skrini zote mbili zilikuwa zinaonyesha kitu kimoja. Nikabonyeza Windows na P, nikachagua Extend, dirisha la maelezo likabaki kwangu.

Ushauri wa kuyasoma kwenye simu umenishinda. Kifaa cha pili kinahitaji seva yake, na sijaweza kuisimamisha. Badala yake, kwenye mipangilio ya reveal.js nimeweka showNotes iwe 'separate-page' (ukurasa wa peke yake), nikaongeza ?print-pdf mwishoni mwa anwani na kuchapisha. Kila slaidi inafuatwa na ukurasa wa maelezo yake. Umeme ukikatika, karatasi ninazo mezani.

Asanteni sana wote mlionijibu.