Huyu "mtaalamu" wetu wa renji ya gofu aache kuwauzia wazee draiva za digrii 8 ekstra stifu!!!

Mkwaju Mrefu (mwanzisha uzi)

Wakuu, nimetoka renji, pale tunapofanyia mazoezi ya gofu, sasa hivi na damu bado inachemka. Sitamtaja jina, wala hakuna haja. Mnamjua. Yule ambaye begi lake lina draiva (fimbo za kupigia mbali) nyingi kuliko duka zima, na kila draiva "imetoka kwa pro, mchezaji wa kulipwa, wa Ulaya wiki iliyopita".

Mzee wa watu, mstaafu, kaja kuulizia draiva. Kapimwa swingi (kasi ya kuzungusha fimbo) kwenye mashine palepale, maili 82 kwa saa, namba imejaa skrini nzima, hata rubani aliyekuwa anapita juu ameisoma. Mzee akauliza kwa upole kabisa: "Kijana wangu, mimi unanifaa ugumu wa regula au ule wa wazee?" Jamaa akamjibu kwa sauti, mbele ya makedi wote, wabeba begi zetu: "Mzee wangu, regula ni za akina mama. Chukua hii ekstra stifu, ngumu kabisa, digrii 8, mpira utembee."

REGULA NI ZA AKINA MAMA. Mzee wa watu akatazama chini, akatoa hela.

Sasa nisikilizeni. Kwa swingi ya maili 82, hata ukiupata mpira katikati ya uso wa fimbo, unatoka na maili kama 118 basi. Mpira wa kasi hiyo hauwezi kujibeba wenyewe hewani, lazima lofti (mlalo wa uso wa fimbo, ndizo hizo digrii) iunyanyue. Huyo mzee ni wa digrii 12, mpira utoke kwa pembe ya 14 au 15. Ukimpa 8 unatoka chini, unapanda kidogo, unaanguka kabla haujafika popote. Halafu ataanza kuunyanyua kwa mwili: uzito unabaki mguu wa kulia, bega la kulia linadondoka, leo anachimba udongo nyuma ya tii (kijiti cha kuwekea mpira), kesho anaukwangua mpira kichwani. Swingi aliyoijenga kwa miaka inaharibika ndani ya mwezi mmoja.

Na wale mnaosema lofti ndogo inanyoosha mpira, mmedanganywa. Uso ukiwa wazi, yaani umeelekea kulia, kwa kiasi kilekile, draiva ya 8 inaukata mpira kulia kuliko ya 12. Lofti ikipungua, spini ya nyuma (mpira kujizungusha kinyumenyume) inapungua, basi ule mhimili wa mzunguko unalala zaidi na mpira unaondoka. Kwa hiyo kamuuzia mzee fimbo fupi kwa umbali na ndefu kwa kwenda msituni!

Shafti yenyewe, huo mti wa fimbo, gramu 75. Herufi X, yaani ekstra stifu. Kwa mzee wa maili 82! Hiyo wangeipeleka kushikilia daraja la Kigamboni. Alitakiwa apewe gramu 50 au 45, herufi A (ile ya wazee), au R (regula) laini kama anaanza kushuka kwa haraka.

Lakini siyo hesabu iliyoniuma. Ni lile neno. "Regula ni za akina mama." Mbele ya makedi. Kwa mtu anayeweza kumzaa.

---

TiiJuu

Naweka kambi hapa. Mwenye kahawa apitishe.

---

Fundi Hozeli

Mkuu uko sahihi, tena umempunguzia. Ngoja niongezee.

Hizo herufi za ugumu, L (akina mama), A, R, S (stifu), X, hazina kipimo kimoja duniani. Kila kampuni inajipangia. S ya kampuni moja ni R ya jirani yake, na unaweza kukuta S ya gramu 50 ni laini kuliko R ya gramu 65. Ndiyo maana fundi wa kweli anaibana shafti upande wa mpini, anaitikisa, anahesabu mitetemo kwa dakika. Kwa draiva ya inchi 45, regula nyingi zinaangukia 240 hadi 250 hivi, stifu 250 hadi 260. Jamaa yetu kifaa chake cha kupimia ni kuikunja kwa goti na kusema "hii kali".

Kwa mwenye kutaka mwongozo wa kuanzia, maili kwa saa: chini ya 75 ni L, 75 hadi 85 ni A, 85 hadi 95 ni R, 95 hadi 105 ni S, zaidi ya hapo X. Ni pa kuanzia tu. Mwenye maili 92 anayegeuza fimbo juu kwa pupa anaweza kuhitaji S, na mwenye 97 mwenye mdundo wa taratibu akafurahi na R.

Utaratibu ni huu: kwanza jua unagonga wapi usoni, pili lofti, tatu uzito wa shafti, ndipo ugumu. Watu wanaanza na ugumu kwa sababu una herufi ya kujivunia.

---

Bogi Kila Shimo

Mwanzisha uzi, umeandika gazeti zima kwa draiva ya mtu mwingine. Mzee mwenyewe kalalamika? Au wewe ndiye uliyenyimwa punguzo? 😂

---

Mkwaju Mrefu

Punguzo gani? Mtu kamwambia mzee "regula ni za akina mama" mbele ya makedi wewe unaniuliza punguzo. Ungemwona yule mzee alivyoipokea ile fimbo usingecheka.

---

Dada Fewei

Mimi ningependa kujua sisi akina mama tumeingiaje hapa. Wanawake wa LPGA, ligi ya gofu ya kulipwa ya wanawake, wanaswingi wastani wa maili kama 94 na mpira unasafiri takriban yadi 220 angani. Nani hapo klabuni kwenu, ukimtoa kocha, anafikisha hiyo 220 angani bila kubebwa na upepo na mteremko? Shafti haiulizi jinsia, inauliza kasi.

Na kosa hilohilo linatupata sisi kwa upande wa pili. Ukiingia dukani wewe ni mwanamke, unapewa L kabla hujavua begi. Msichana mwenye maili 88 anapewa L, kichwa cha fimbo kinachelewa na kurudi kwa fujo, mpira unapanda juu na kukunja kushoto, kisha anaambiwa mikono yake ina shida. Mikono haina shida. Fimbo ndiyo yenye shida.

---

Mkwaju Mrefu

Asante dada. Huyo huyo ndiye angekupa L.

---

Mzawa wa Karen

Hapa Nairobi tunao wa aina hiyo pia, na wanapata kisingizio cha mwinuko. Tuko juu ya mita 1,600, hewa nyepesi, mpira unaenda mbali zaidi kwa asilimia 6 hivi. Basi mtu akipiga 250 anajiona ni wa ekstra stifu. Boss, toa hiyo asilimia 6 kwanza.

Hesabu ya mfukoni kwa asiye na mashine: chukua yadi za angani, siyo za kubingirika, gawanya kwa 2.3, unapata maili zako kwa makisio. Yadi 200 ni kama 87. Kwa Nairobi punguza kwanza, ndipo ugawanye.

Na hewa nyepesi haidai lofti ndogo. Ni kinyume. Hewa ikiwa nyepesi mpira haupati cha kuushikilia, unaruka chini zaidi kuliko pwani kwa pigo lilelile. Mtu wa Nairobi mwenye kasi ndogo anaweza kuongeza digrii moja na akapata yadi. Digrii 8 huku kwa mzee wa 82 ni uonevu.

---

Kusi la Nyali

Sawa, lakini mkishuka huku Mombasa na hizo draiva zenu mnatulaumu upepo. Hewa ya pwani ni nzito, spini inafanya kazi yake yote, mpira uliokuwa unakatika kidogo Nairobi huku unaingia bustani ya watu. Kusi likivuma usoni unaona mpira unapanda, unasimama, unarudi kudondoka. Hapo mtu anakimbilia kupunguza lofti wakati mara nyingi tatizo ni kugonga chini ya uso. Ukigonga chini ya kitovu cha uso, spini inaongezeka na mpira unatoka chini. Ukigonga juu kidogo ya kitovu, unatoka juu na spini inapungua, na hiyo ndiyo yadi ya bure.

Nunua poda ya miguu ya kupuliza, ile ya mkebe. Pulizia uso wa fimbo safu nyembamba tu, piga mipira mitano, tazama alama. Zikikusanyika upande wa kisigino, usinunue shafti! Pigo la kisigino linaupeleka mpira kulia lenyewe hata uso ukiwa sawa. Pandisha tii hadi nusu ya mpira iwe juu ya ukingo wa kichwa, weka mpira mkabala na kisigino cha mguu wa kushoto, halafu pulizia tena.

---

Bogi Kila Shimo

Kwa hiyo mzee angeuziwa poda ya miguu. Uzi mzuri sana.

---

Kedi wa Zamani

Mimi yangu ni nyingine, na ni kubwa kuliko ya mzee. HAWA WANAOZUNGUSHA HOZELI, kile kiungo cha shafti na kichwa cha fimbo, KATIKATI YA MCHEZO. Shimo la saba mtu anatoa ufunguo mfukoni, anapandisha digrii moja, anapiga. Kanuni ya gofu ya 4.1a inakataza kupiga na fimbo uliyoibadilisha makusudi ndani ya raundi, na adhabu siyo pigo mbili, ni KUONDOLEWA mashindanoni. Ukimwambia anasema "tunacheza tu". Tunacheza kadi ya handikapu, alama zinahesabiwa, ndugu!

Halafu hata hajui alichofanya. Ukipandisha lofti kwenye hozeli, fimbo ikikaa chini kama kawaida uso unajifunga kidogo kuelekea kushoto. Ukishusha, unafunguka. Kwa hiyo mwenye mpira wa kukatika kulia anayeshusha lofti anauongezea ugonjwa.

---

Fundi Hozeli

Kedi umenigusa kidonda. Na wanaokaza kwa koleo! Ile skrubu inakazwa kwa ufunguo wake hadi usikie "tak", basi, acha. Zile nyingi zimepangwa kwa paundi-inchi 40. Mtu akishasikia "tak" anaongeza na bega, nyuzi zinaisha, kichwa kinaondoka na mpira. Halafu analeta kwangu eti gluu ilikuwa mbovu.

---

Mkwaju Mrefu

Jamani turudi kwenye mada. "Regula ni za akina mama." Mzee yuko na hiyo fimbo nyumbani muda huu.

---

Ncha Tatu Tatu Tano

Mada ipi, mkuu, na hozeli za kuchonga mtaani zinaingia kila siku. Hozeli ya kampuni moja haiingii kwenye kichwa cha kampuni nyingine, tena mara nyingi hata cha kampuni hiyohiyo cha toleo la zamani. Watu wanapiga tupa hadi iingie. Shafti nyingi za draiva zina ncha ya inchi 0.335. Ukiona inacheza ndani ya hozeli kabla ya epoksi, usiijaze gluu, iache. Epoksi yenyewe wanakupa fimbo baada ya saa moja "imeshakauka". Saa 24, ndugu zangu.

Na mwenye kumkatia mzee ile X apate regula, asijaribu. Ukikata ncha inazidi kuwa ngumu. Ukikata upande wa mpini, ugumu haubadiliki kwa maana, ila kichwa kinapoteza uzito mkononi: inchi moja ni pointi 6 hivi za uzito wa swingi, na kila pointi inarudishwa na gramu 2 kichwani. Yaani ubandike gramu 12 za ukanda wa risasi. Bora auze yote.

---

TiiJuu

Nyie mnajadili gramu 12 na mipira ya renji yetu haina vishimo. Imelambwa mpaka imekuwa kokoto. Mpira uliofutika vishimo haupandi, unadondoka mapema, halafu mtu anaangalia umbali kwenye mashine anasema nahitaji lofti kubwa. Ukipima kwa mipira hiyo amini kasi ya fimbo tu na alama ya poda. Umbali uache.

---

Dada Fewei

Na ndoo ya mipira imepanda bei, na katikati ya ndoo nusu ni ya rangi ya njano iliyopasuka. Nani anasimamia pale?

---

Kusi la Nyali

Kwenu angalau mna ndoo. Huku mikeka imechakaa hadi tii ya mpira haisimami, unapiga draiva kutoka urefu wa fimbo ya mbao namba tatu, alama zote chini ya uso. Kisha wanashangaa kila mtu ana spini.

---

Kedi wa Zamani

Mikeka ya upande wa kushoto ndiyo mibovu zaidi. Nilishasema hili mwaka jana, uzi ukafungwa.

---

Mkwaju Mrefu

Mods, mbona mnaacha watu wanaharibu uzi? Mtu kadhalilishwa.

---

Ncha Tatu Tatu Tano

Mkuu, kama unamfahamu huyo mzee mwambie nina shafti herufi A, gramu 48, ncha 0.335, inchi 45 na gripi yake, haijawahi kukatwa. Ajue tu kichwa chake ni cha kampuni gani na toleo lipi ndipo tuzungumze hozeli. Hizo 8 zake atafute kichwa cha 12, hozeli haiwezi kupandisha digrii nne.

---

Dada Fewei

Hiyo A bado ipo? Namtafutia mama yangu. Na njoo na majibu ya zile ndoo.